Risasi Ndefu, Msokoto Mlegevu

Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni ofisa wanyamapori mstaafu, mkazi wa Uyole, Mbeya, aliyesimamia ghala la silaha na mazoezi ya shabaha ya askari wa wanyamapori.

Kamwene mzee, na shikamoo. Nina raifo ya .223 ya bolti, ya zamani, niliyomilikishwa kihalali baada ya baba kufariki. Miaka yote ilikuwa inakula risasi zenye kichwa cha uzito wa greini 55 na inapiga vizuri. Safari hii dukani hazikuwepo, nikauziwa za greini 77. Muuzaji alisema nzito ni bora zaidi kwa kuwa upepo hauziyumbishi. Kwenye mita 50 tu matundu yametawanyika zaidi ya sentimita 30, na mengine si ya mviringo, yamekaa marefu. Nimekaza darubini, nimesafisha mtutu, hali ni ileile. Je, mtutu umekwisha? — Msomaji, Mafinga

Marahaba mwanangu, kamwene. Pole kwa msiba wa mzee.

Mtutu haujaisha, na hiyo darubini usiiguse tena. Hayo matundu marefu ndiyo jibu lenyewe. Kichwa cha risasi kimefika kwenye karatasi kimelala ubavu, na kinachofika kimelala kimeanza kupinduka tangu kilipotoka mdomoni mwa mtutu. Hakuna darubini inayoweza kurekebisha hilo.

Chukua tochi uchungulie ndani ya mtutu mtupu. Utaona mifereji inayojisokota kuelekea mbele. Mifereji hiyo ndiyo inayokishika kichwa na kukizungusha. Msokoto wake tunauhesabu kwa inchi ambazo kichwa kinasafiri hadi kimalize mzunguko mmoja. Mtutu wa 1:12 unazungusha mara moja kila inchi 12, na wa 1:7 mara moja kila inchi 7. Namba ikipungua, msokoto ni mkali; ikiongezeka, msokoto ni mlegevu. Raifo nyingi za zamani za bolti za .223 zilitoka kiwandani na 1:12, na sina shaka ya baba yako ni mojawapo, maana kipindi kile kichwa cha kawaida cha kaliba hiyo kilikuwa cha greini 55.

Kichwa kirefu chenye ncha kali hakipendi kuruka kimenyooka. Uzito wake mwingi uko nyuma, na hewa inakisukuma kutoka mbele, kwa hiyo kikiachwa hivihivi kitageuka. Kinachokizuia ni kule kuzunguka. Ni kama pia ya mtoto: ikizunguka kwa kasi inasimama wima, ikipungua inayumba, kisha inaanguka. Na kadiri kichwa kinavyokuwa kirefu kwa unene wake, ndivyo kinavyohitaji kuzungushwa zaidi.

Sasa nataka unielewe vizuri hapa, kwa sababu wauzaji wengi wanapitwa hapa. Boksi linakuandikia uzito, lakini kinachoamua ni urefu. Kipenyo cha .223 hakibadiliki, ni inchi 0.224, kwa hiyo kiwanda kikitaka kuongeza uzito hakina pa kuuweka isipokuwa kwenye urefu. Kichwa cha greini 55 kina urefu wa kama inchi 0.74. Cha greini 77 kinakaribia inchi 1 nzima.

Iko hesabu ya zamani inayokutosha ukiwa na kalamu tu. Aliitoa Alfred George Greenhill mwaka 1879, alipokuwa akifundisha hesabu maofisa wa mizinga kule Woolwich, Uingereza. Chukua kipenyo, kizidishe kwa chenyewe, zidisha kwa 150, halafu gawanya kwa urefu wa kichwa. Jibu ni inchi za msokoto unaohitajika. Kwa risasi zenye mwendo wa zaidi ya mita 850 hivi kwa sekunde, watu hutumia 180 badala ya 150.

Tuifanye kwa bunduki yako. 0.224 mara 0.224 ni 0.0502. Za greini 55 zinakwenda mbio, kama mita 975 kwa sekunde, basi tunatumia 180: tunapata 9.03, tukigawanya kwa 0.74 inakuja inchi 12.2. Mtutu wa 1:12 na kichwa cha greini 55 vimekutana sawasawa, ndiyo maana baba yako hakuwahi kulalamika. Za greini 77 mwendo wake ni mdogo, basi 150: tunapata 7.5, tukigawanya kwa 1 inabaki 7.5. Hata ukitumia 180 kwa kuihurumia, unapata 9. Mtutu wako wa 12 hauwezi kuufikia msokoto huo. Wanaopiga za greini 77 wanatumia 1:8 au 1:7.

Lakini usichukue neno langu kuhusu hiyo 1:12, pima mwenyewe. Toa risasi zote, toa bolti, chungulia chemba, pale risasi inapokaa, kisha chungulia tena. Chukua ufito wa kusafishia ambao mpini wake unazunguka wenyewe, ufunge kitambaa kinachobana, uusukume ndani mpaka kitambaa kikaribie mdomo wa mtutu. Bandika kipande cha plasta kwenye ufito kikitazama juu, kikigusana na nyuma ya chemba. Sasa uvute nyuma taratibu bila kuuzuia usizunguke. Plasta itaanza kugeuka upande, itaingia chini, itapanda tena. Ikirudi kutazama juu, simama. Pima kwa rula umbali kutoka pale ilipoanzia mpaka ilipo sasa. Huo ndio msokoto wako. Rudia, maana kitambaa kisichobana huteleza na kukupa namba ya uongo. Bunduki zenye asili ya Ulaya wakati mwingine zimeandikwa kwa milimita ubavuni mwa mtutu: 305 ni 1:12, 254 ni 1:10, 203 ni 1:8, 178 ni 1:7.

Muuzaji hakukosea kuhusu upepo. Kichwa kirefu na kizito kikiruka kimenyooka, upepo unakisumbua kidogo kuliko chepesi. Ila hiyo faida ni ya mwenye mtutu unaoweza kukinyoosha.

Rudi kwenye greini 55, hata 50 zitakufaa. Greini 69 usijaribu, nazo zinapita uwezo wa 1:12. Na zile za 77 zilizobaki usimgawie jirani. Ziko kwenye kumbukumbu za leseni yako, hivyo zungumza na muuzaji na polisi waliokusajili kwanza, ili ziondoke mikononi mwako kwa utaratibu.

Nimelirefusha jibu hili kwa makusudi. Kichwa kinachoruka kiubavu kikimkuta mnyama hakiendi kilipolengwa. Kinavunja paja, kinapasua tumbo, na mnyama anaondoka nacho akateseke kichakani. Kazi yangu ilinipeleka mara nyingi kufuatilia nyati waliojeruhiwa hivyo karibu na mashamba ya watu Usangu, na nyati wa namna hiyo humsubiri mtu. Anayemkuta mara nyingi si yule aliyempiga, ni mama aliyekwenda kuchuma mboga.

Shikamoo baba. Mimi ni mwindaji mwenye leseni. Raifo yangu ni .308, nimepima msokoto nikapata 1:12. Greini 180 za kawaida, zenye madini ya risasi ndani, zinakaa pamoja vizuri. Sasa nimepata za shaba tupu, nazo greini 180. Nilizijaribu Mbeya, matundu ni ya mviringo lakini kundi limepanuka karibu mara mbili. Natarajia kwenda nazo bonde la Rukwa. Uzito ni uleule, sasa tofauti inatoka wapi? — Msomaji wa kike, Chunya

Marahaba binti yangu. Umenifurahisha kwa kupima kwanza ndipo ukauliza.

Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.3, ya shaba haifiki 9. Kwa hiyo kupata greini 180 kwa shaba tupu lazima kichwa kiwe kirefu. Cha kwako cha zamani kina kama inchi 1.2; cha shaba hukaribia inchi 1.4. Ukiingiza kwenye hesabu niliyomwonyesha ndugu yetu wa Mafinga, kichwa cha zamani kinataka 1:11.9, yaani mtutu wako hasa. Cha shaba kinataka 1:10.2, na kwa kuwa ile 150 ni ya vichwa vya madini ya risasi, cha shaba kinataka hata zaidi ya hapo.

Zipo hesabu za kisasa zaidi. Mmarekani Don Miller alitoa yake mwaka 2005, na hiyo inazingatia uzito pia, siyo urefu peke yake. Inakupa namba ya utulivu. Chini ya 1 kichwa kinapinduka. Kuanzia 1.4 au 1.5 kimetulia kabisa. Kati ya hapo kinaruka kimetangulia kwa ncha lakini kinatikisika, na hapo ndipo kundi linapopanuka huku matundu yakibaki mviringo. Nimekufanyia hesabu: risasi yako ya shaba inaangukia karibu na 1.3 kwa hewa ya pwani. Uko mpakani.

Na hewa ya Mbeya imekusaidia bila wewe kujua. Mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, na hewa nyepesi haikisukumi kichwa kwa nguvu. Bonde la Rukwa liko kwenye mita 800. Joto la kule linaipunguza hewa uzito kidogo, hivyo usitegemee mabadiliko makubwa, lakini mtu aliye mpakani hana akiba ya kupoteza. Ukishuka Kyela, kwenye mita 500, hali inakuwa mbaya zaidi. Kisa kinachojulikana ni cha Wamarekani: bunduki zao za kwanza za AR-15 zilikuwa na 1:14, zikaonekana zinatawanya kwenye baridi kali ambako hewa ni nzito, na mwaka 1963 zikabadilishwa kuwa 1:12.

Ushauri wangu: baki na shaba, punguza uzito. Tafuta za greini 150. Urefu wake unarudi karibu na inchi 1.2 na mtutu wako utazipenda. Usiogope kwamba ni nyepesi. Kichwa cha shaba kikiingia kwa mnyama kinafunguka mbele lakini hakimeguki, uzito wake karibu wote unaendelea ndani. Cha madini ya risasi huacha vipande njiani. Ndiyo maana wa shaba wanaweza kushuka ngazi moja ya uzito bila hasara, nami naiunga mkono shaba kwa moyo wote: vile vipande vya madini ya risasi vikibaki kwenye matumbo yaliyotupwa porini, tumbusi wanavila na vinawaua. Tumbusi wa nchi hii wana matatizo ya kutosha.

Kisha zijaribu hizo 150 kwenye uwanja wa shabaha wenye kibali, kwa umbali utakaopigia kweli, si mita 50. Kichwa kilicho mpakani huweza kuonekana safi karibu, kikaharibika mbele.

Mzee shikamoo. Nina .30-06, mtutu umeandikwa 254. Rafiki yangu ananiambia msokoto huo ni wa risasi nzito tu, nikipiga greini 150 zitazungushwa kupita kiasi zipasuke hewani. Ni kweli? Na nichague zipi kati ya 150, 165, 180 na 220? — Msomaji, Iringa

Marahaba. Rafiki yako amesikia jambo la kweli akalipeleka mahali pasipo pake.

Hiyo 254 ni 1:10. Jeshi la Marekani lilichagua msokoto huo kwa raifo yake ya mwaka 1903, iliyokuwa inapiga kichwa kirefu cha greini 220 chenye pua ya duara. Mwaka 1906 wakabadilisha risasi, wakaweka ya greini 150 yenye ncha, na hapo ndipo .30-06 ilipozaliwa. Msokoto hawakuugusa. Kwa hiyo greini 150 kwenye 1:10 ni jambo ambalo limefanyika kwa zaidi ya miaka 100.

Kupasuka hewani kupo, ila kunatokea kwa vichwa vyepesi vyenye gamba jembamba la shaba, kama vile vidogo vya .22 vya kupigia wanyama wadogo, vikirushwa kwa mita 1,100 kwa sekunde kutoka mtutu wa 1:7. Hapo kichwa kinazunguka zaidi ya mara 6,000 kwa sekunde na gamba linaweza kuachia. Chako cha greini 150 kinazunguka kama mara 3,500 na gamba lake ni nene. Kitu pekee ambacho msokoto mkali unakionyesha ni ubovu wa kichwa chenyewe: kama kimetengenezwa vibaya, upande mmoja mzito kuliko mwingine, kuzunguka kwa kasi kunaukuza huo ubovu na kundi linapanuka. Dawa yake ni kununua risasi nzuri.

Ukiniuliza mimi, anayechagua mtutu ni heri akosee upande wa msokoto mkali kuliko mlegevu. Mwaka 1955 Wamarekani walitoa kaliba mbili zinazofanana karibu kila kitu, .243 Winchester yenye 1:10 na .244 Remington yenye 1:12. Ile ya Remington ilikusudiwa vichwa vyepesi, na wawindaji waliotaka greini 100 kwa ajili ya paa waliona haiaminiki kwa uzito huo. Wakaikimbilia .243. Mwaka 1963 Remington wakaibadilisha jina ikawa 6mm Remington, wakaipa msokoto wa 1:9, lakini wateja walishakwenda. Kaliba nzuri kabisa ilizikwa na inchi chache za msokoto.

Kuhusu kuchagua: kwa swala pala chukua 150 au 165, kwa kongoni 180. Za 220 zinaruka polepole na zinashuka haraka. Zinafaa kwenye miombo minene ambako hupigi zaidi ya mita 100. Nunua mbili unazozifikiria, zijaribu kwa karatasi, ubaki na moja. Ukichanganya uzito kwenye mkanda mmoja, darubini iliyolengwa kwa 180 haitakuambia 150 inaangukia wapi.

Shikamoo. Babu alituachia 9.3x62, imesajiliwa kwa jina langu sasa. Risasi zinazopatikana ni greini 286. Zinafaa? — Msomaji, Njombe

Zinafaa, ndizo ilizozaliwa nazo. Kaliba hiyo ilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, kwa ajili ya Wajerumani waliokuwa wakienda makoloni ya Afrika, na huku kwetu wakati huo kulikuwa koloni lao. Msokoto wake wa kawaida ni milimita 360, kama 1:14, na kwa kichwa kinene na kifupi cha gramu 18.5 unatosha na kubakiza akiba. Risasi zake bado zinatengenezwa hadi leo. Ninachokihofia kwa bunduki ya babu ni umri: mpelekee fundi mwenye leseni aangalie chemba, bolti na ufa kwenye mbao kabla hujapiga hata moja.

Mzee, kuna mtu anataka kunifupishia mtutu wa .375 H&H ili nisikwame vichakani. Msokoto utabadilika? Napiga greini 300, nina kibali cha nyati. — Msomaji, Mbarali

Msokoto haubadiliki. Mifereji iliyobaki inajisokota vilevile, 1:12 kwa .375 nyingi, tangu Holland & Holland walipoitoa mwaka 1912. Kinachopungua ni mwendo, na utulivu wa kichwa unapungua kidogo sana kwa sababu hiyo. Kwa greini 270 au 300 hutaona tofauti kwenye karatasi. Kwa hiyo kuhusu msokoto, lala usingizi.

Kuhusu kukata, simkubalii huyo mtu. Silaha yako imesajiliwa ilivyo, na kuibadilisha bila kuwaona polisi ni kujitafutia kesi. Tena mdomo wa mtutu ndipo kichwa kinapoachiwa. Ukikatwa kwa msumeno na kupigwa tupa nyumbani, gesi zinatoka upande mmoja kabla ya mwingine na kundi linaharibika moja kwa moja. Kama urefu unakusumbua kweli, anza na polisi, kisha fundi mwenye leseni na mashine ya kuchongea, na baada ya hapo ulenge upya kwa greini 300 zilezile utakazobeba kwenye kibali.